Wiki ya kwanza ni ya maji tu

Wanaokuja kwangu hapa Unguja kujifunza kukarabati hati hutarajia washike msahafu wa kale siku ileile. Nawapa gazeti la mwaka juzi, bakuli la maji na brashi. Wengine hununa. Mmoja alinikumbusha kwamba ana digrii. Nikamwambia haya, loweka.

Karibu kila kosa nililoliona katika kazi hii ni kosa la maji, na la kwanza lilikuwa langu. Nilidondosha tone kwenye pembe ya barua iliyokunjika ili ilainike. Ikalainika kweli. Ilipokauka, pale unyevu ulipoishia pakabaki mstari wa kahawia kama wa chai: maji yalikuwa yamekokota uchafu na tindikali ya karatasi mpaka ukingoni, yakavitua hapo. Sasa karatasi ya namna hiyo naifungia kwenye sanduku lenye hewa ya unyevunyevu, ilainike polepole bila kuguswa na tone.

Baada ya maji ndipo tunapika gundi. Tunatumia wanga wa ngano, si unga, maana unga una gluteni, protini inayovutia wadudu. Kipimo kimoja cha wanga kwa vitano vya maji, moto mdogo, koroga nusu saa bila kwenda kupokea simu. Ikipoa tunaichuja mara tatu kwa chekeche laini, kisha tunaizimua kidogokidogo. Mwanafunzi akilalamika kuwa yake imekuwa uji wa mgonjwa, huwa ameizimua kwa haraka. Kwa joto letu haikai siku nyingi, kwa hiyo tunapika kidogo.

Kiraka ni karatasi ya Kijapani ya kozo, ya gome la mti wa jamii ya mforsadi, nyepesi kiasi cha gramu 5 hadi 10 kwa mita ya mraba. Mkasi hauigusi. Unachora mstari wa maji kwa brashi nyembamba, unangoja kidogo, halafu unavuta pande mbili. Inaachana huku nyuzi zimechomoza ukingoni kama ndevu za mahindi. Nyuzi hizo ndizo zinazoshika. Ukingo wa mkasi huacha ngazi, na karatasi kuukuu hukunjikia hapo mpaka ikatike upya. Kisha gundi kidogo, karatasi ya kufyonza juu na chini, na uzito. Masika hukauka kwa kusuasua, na hewa ikizidi unyevu wa asilimia 65 kuvu nayo inajikaribisha, hivyo mwezi wa Aprili nabadilisha karatasi za kufyonza mara nyingi zaidi.

Kuna hati ambazo hata gundi hiyo ni maji mengi mno. Wino wa masizi hauli karatasi, ila unaweza kufutika ukilowa. Wino wa chuma ni balaa jingine: una tindikali, na maji huichukua chuma yake na kuisambaza pembeni mwa herufi, ambako nako huanza kuliwa. Tunagusisha kipande cha karatasi ya kupimia chuma kilicholoweshwa na kukamuliwa. Kikigeuka waridi, gundi ya ngano inarudi kabatini. Hapo tunatumia kozo iliyokwisha kupakwa jelatini, ikalainishwa kwa unyevu kiduchu tu.

Kwenye nguo watu hujiamini zaidi, maana nani hajafua kanga? Kanga kuukuu hupimwa kila rangi peke yake: tone moja, dakika moja, pamba nyeupe juu, bonyeza. Nyekundu ikiacha hata kivuli, haifuliwi. Iliyochanika tunaiwekea kitambaa cha kuibeba chini, na sindano inapita katikati ya mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana, haitoboi uzi. Hili huchukua muda kuzoeleka, hasa kwa mafundi cherehani, ambao mkono wao unataka kukaza.

Mwanafunzi mmoja alipomaliza wiki yake alileta juzuu ya babu yake. Mtu mwenye mapenzi mema alikuwa ameiziba kwa selotepu kila ukurasa. Pale maji hayafui dafu. Siku tatu tulibandua utepe kwa kisu butu chenye joto, nukta kwa nukta. Utepe umetoka, mistari ya njano imebaki juu ya aya.