Yaliyoandikwa kuhusu singeli na yaliyopo mtaani: dhana potofu na ukweli

Mwandishi wa muziki anayefika Dar es Salaam kutoka Berlin au London ili aandike juu ya singeli, muziki wa kasi wa vijana wa uswahilini, huja na msamiati uliokwisha kutengenezwa: muziki wa majaribio, sauti za chini kwa chini, kasi isiyo na mfano. Msamiati huo una ukweli ndani yake, lakini ulishonwa kwa ajili ya muziki mwingine wa mahali pengine, na singeli ikivalishwa, unabana hapa na kupwaya pale. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisoma maandishi hayo, mengi ya Kiingereza na machache ya Kiswahili, na nimeona makosa yaleyale yakihama kutoka makala moja kwenda nyingine. Nayachukulia kwa uzito kwa sababu maandishi hayo ndiyo atakayoyakuta mtu wa miaka hamsini ijayo akitaka kujua vijana wa Mburahati, Manzese na Tandale walikuwa wakifanya nini usiku.

Dhana: singeli iligunduliwa mwaka 2017

Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko uitwao Sounds of Sisso, wenye kazi za maprodyuza na MC waliokuwa wakirekodi katika studio ya Sisso iliyopo Mburahati. Kwa msomaji wa Ulaya hadithi inaanzia hapo, na tarehe yenyewe haina kosa. Kosa limo katika kitenzi. Mwaka mmoja kabla ya hapo Man Fongo alikuwa ameitikisa nchi kwa wimbo wa Hainaga Ushemeji, ambao ulipigwa redioni, kwenye daladala na katika harusi za watu ambao hawajawahi kukanyaga Mburahati. Msaga Sumu alikuwa tayari akiitwa mfalme wa singeli, na redio ya Efm ilikuwa ikiupa muziki huo nafasi hewani. Muziki ambao mama mwenye genge anaujua kwa moyo hauwezi kugunduliwa na yeyote.

Tena singeli yenyewe haikuzuka. Nyuma yake upo mchiriku, ambao wengine huuita mnanda, muziki wa uswahilini uliochukua mapigo ya ngoma za Wazaramo na kuyaunganisha na kinanda kidogo cha Casio, kikipigwa kupitia spika zilizochoka mpaka sauti inakwaruza. Kundi la Jagwa Music lilianza kazi hiyo miaka ya 1990, na mwaka 2012 lebo ya Crammed Discs ya Ubelgiji ilitoa albamu yao ya Bongo Hotheads. Kwa maneno mengine, masikio ya Ulaya yalikwisha kupita mitaani kwetu miaka mitano kabla ya huo unaoitwa ugunduzi, yakasifu, yakaondoka, na yaliporudi yakawa yamesahau kwamba yaliwahi kufika.

Sisemi haya kuibeza kazi ya lebo ya Kampala. Iliwafikisha vijana hawa kwenye majukwaa ambayo hakuna promota wa Dar es Salaam aliyekuwa akiwapigania wayafikie, na kwenye majalada iliandika majina yao. Lawama yangu iko kwa wahakiki waliolichukua toleo hilo kama cheti cha kuzaliwa.

Dhana: huu ni muziki wa majaribio

Neno hili linataka subira. Katika historia ya muziki wa kielektroniki wa Ulaya na Marekani, majaribio yalikuwa na nyumba yake: maabara za redio, vyuo vikuu, studio ambamo mtunzi aliweza kukata utepe wa kurekodia na kuunga sauti bila kumwogopa msikilizaji, kwa sababu mshahara wake haukutoka kwa msikilizaji. Prodyuza wa singeli hana nafasi hiyo. Biti anayoitengeneza Jumatano itapigwa Jumamosi mbele ya watu waliokuja kucheza, na isipowaingia, watakaa chini na mwenye shughuli atatafuta DJ mwingine kwa shughuli ijayo. Kinachosikika kama ujasiri wa kisanii katika ukumbi wa London, hapa ni kazi ya mtu anayewajua wateja wake vizuri sana.

Madhara ya kulitumia neno hilo kwa wote ni kwamba linawaficha wale wanaojaribu kweli. Ndani ya singeli wapo waliovunja kanuni za singeli. Duke, prodyuza wa Pamoja Records, katika albamu ya Uingizaji Hewa ya mwaka 2019 aliuvuta muziki huu kuelekea hip hop. DJ Travella, katika Mr Mixondo ya mwaka 2022, aliziacha biti zisimame peke yake na kuzijaza sauti za muziki wa klabu wa nchi nyingine. Hao wamefanya jaribio, na mtu wa Mburahati anaisikia tofauti kati yao na singeli ya kawaida ya harusini. Mhakiki aliyekwisha kuuita muziki mzima wa majaribio anabaki bila neno la kuwaelezea.

Dhana: muziki kama huu hutoka pembezoni na kuingia soko kubwa

Hii ndiyo hadithi inayopendwa kuliko zote, na mahali pengine ni ya kweli kabisa. Oktoba 2000 Radiohead, bendi ya gitaa iliyokuwa na mamilioni ya mashabiki, ilitoa Kid A, albamu iliyojaa mashine na sauti zilizokatwakatwa. Jarida la Melody Maker la Uingereza liliipa nyota moja na nusu kati ya tano. Pitchfork ya Marekani ikaipa alama kumi kwa kumi. Na wakati wahakiki wakibishana, albamu iliingia sokoni Marekani ikiwa namba moja. SOPHIE, prodyuza wa Uskochi ambaye nyimbo zake za mwanzo zilipokelewa kama vitu vya ajabu, mwaka 2015 alikuwa miongoni mwa waliotengeneza wimbo wa Madonna. Katika mifano hiyo safari ilitoka kwa wachache ikaenda kwa wengi, na waandishi walikuwepo njiani wakiiona.

Singeli ilisafiri kinyume. Nyumbani ilikuwa tayari ya wengi, ikiimbwa na watoto wa shule. Ilipovuka bahari ndipo ikawa ya wachache: wahudhuriaji wa matamasha maalumu, wasomaji wa majarida ya muziki mgumu, wanunuzi wa santuri. Mwandishi anayesema singeli sasa inaanza kuingia soko kubwa kwa kuwa imepata hakiki nzuri Ulaya amegeuza ramani juu chini, maana soko kubwa la singeli lilikuwa Temeke kabla halijatafutwa Berlin. Ukweli huu unabadilisha hata maswali ya mahojiano. Msanii aliyekwisha kuwa na watu wake haulizwi anajisikiaje kusikilizwa kwa mara ya kwanza. Anaulizwa anapoteza nini na kupata nini anapowapigia watu wasioyaelewa maneno.

Dhana: kasi ndiyo habari

Karibu kila makala ya kigeni juu ya singeli huanza na namba: mapigo 200 kwa dakika, 250, 300. Namba hizo ni za kweli, na ukizilinganisha na muziki wa house unaotembea kati ya 120 na 130 zinashtua. Lakini mwandishi akiishia kwenye namba anakuwa kama mtu aliyepima joto la sufuria asionje mchuzi.

Nimesimama katika vigodoro vingi, hizo sherehe za mtaani za usiku, na ninachokikumbuka hakifanani na namba hizo. Uchochoro umezibwa kwa turubai, spika zimepangwa juu ya viti vya plastiki, waya wa umeme umevutwa kutoka dirisha la jirani, na juu ya meza iliyotandikwa kanga ipo kompyuta mpakato moja. DJ ana kipande cha taarabu cha sekunde chache, labda fidla na kinanda, anakizungusha kirudi na kurudi, na kidole chake kinausukuma mwendo juu kidogo kidogo kadiri watu wanavyoitika. Angalia viuno vya wachezaji: havifuati kila pigo. Vinakwenda taratibu, mara mbili au zaidi taratibu kuliko biti, vikiufuata mwendo wa ngoma za pwani kama chakacha, ambayo hugawanya hatua yake katika mapigo sita madogo. Kwa anayetoka kwenye ngoma hizo, kasi ni mvua inayonyesha juu ya bati na yeye yumo ndani anacheza kwa mwendo wake. Kwa asiyezijua, bati ndilo linalosikika peke yake.

Halafu yupo MC. Anachana bila kupumua, anamtaja mwenye shughuli na mama yake, anamsifu aliyemtunza noti ya elfu tano sasa hivi, anamchamba jirani mchawi, anasimulia polisi walivyopita jana, analalamikia kodi ya nyumba. Mafumbo anayotumia yana ukoo na mipasho ya taarabu, na watu huyarudia siku nzima inayofuata. Kwa kuwa wahakiki wengi hawajui Kiswahili, nusu hii ya muziki huandikwa kama sauti tu: wanasema MC anafyatua, anabweka, anamwaga maneno. Alisema nini, hawasemi. Matokeo yake albamu zenye biti bila maneno zimepata nafasi kubwa kurasani kuliko washairi wenyewe, na msomaji wa mbali anaamini kwamba singeli kimsingi ni muziki wa mashine. Mkalimani wa siku moja angelitibu kosa hili, na ninashangaa jinsi majarida yenye uwezo wa kulipa nauli ya ndege yanavyoshindwa kumlipa.

Dhana: sauti hii ni matunda ya vifaa duni

Kwa ufupi, programu ya kompyuta ya kutengenezea muziki, FL Studio, inayotumika katika studio nyingi za uswahilini ni ileile aliyotumia Avicii wa Uswidi kutengeneza nyimbo zilizojaza viwanja. Umaskini wa mtaa ni wa kweli, umeme hukatika na kompyuta hufa, lakini uamuzi wa kukizungusha kipande fulani na kukiacha kingine ni wa sikio, na sikio halinunuliwi. Msanii wa Ulaya akiharibu sauti kwa makusudi, mhakiki huandika juu ya falsafa yake. Wetu akifanya hivyo, huandikwa juu ya mtaa wake.

Dhana: Waafrika wameazima muziki wa kielektroniki

Mwaka 1944, mjini Cairo, kijana Mmisri aitwaye Halim El-Dabh aliazima mashine ya kurekodi kwa waya kutoka kituo cha redio, akarekodi ngoma ya wanawake ya zaar, ambayo watu wa pwani yetu wangeitambua kuwa ndugu wa ngoma za pepo, kisha akaichuja na kuipitisha kwenye mwangwi mpaka ikawa kazi mpya. Pierre Schaeffer, ambaye vitabu vingi humtaja kama mwanzilishi wa kutunga kwa sauti zilizorekodiwa, alitangaza kazi zake Paris mwaka 1948. Techno nayo, muziki wa kucheza uliotengenezwa kwa mashine, ni kazi ya vijana weusi wa Detroit, Marekani, akina Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Mkusanyiko uliowatambulisha Uingereza mwaka 1988 ulikusudiwa kuuzwa kwa jina la house, hadi wimbo wa Atkins uliokuwa na neno techno ulipolibadilisha jina la toleo zima. Miaka michache baadaye techno ilikwisha kudhaniwa kuwa mali ya Wajerumani. Uandishi una sehemu katika kusahau huko, kwa kuwa waliokuwa wakiandika walikuwa Ulaya na waliandika walichokiona mbele yao.

Dhana: tatizo ni la wageni peke yao

Hapa inatubidi tujitazame. Miaka mingi magazeti na redio za kwetu ziliuita mchiriku, na baadaye singeli, muziki wa kihuni. Kurasa za burudani zilimwandika msanii wa singeli alipoachana na mkewe au alipokamatwa, na zikamnyamazia alipotoa kazi. Uhakiki wa biti, wa ushairi, wa namna sauti ilivyotoka kwenye kinanda cha Casio ikaingia kwenye kompyuta, umeandikwa kwa Kiswahili mara chache mno, na pengo hilo ndilo lililomwachia mgeni kalamu. Hatuwezi kumlaumu kwa kukosea jambo ambalo sisi hatukuliandika kabisa.

Na lipo swali moja ambalo wenyeji tuna uwezo wa kulijibu kuliko yeyote. Katika Kid A upo wimbo uliojengwa juu ya vipande vya kazi ya Paul Lansky, aliyoitunga kwa kompyuta ya chuo kikuu mwaka 1973. Jina lake liliandikwa kwenye albamu, na waandishi wa muziki wakamtafuta na kumuuliza aliionaje. Singeli nyingi zimejengwa juu ya sekunde nne au tano za fidla ya taarabu. Yule mpiga fidla alikuwa wa kundi gani, alirekodi wapi na mwaka gani, ni swali ambalo sijaliona likiulizwa katika makala yoyote, ya kwao wala ya kwetu, ingawa wapo wazee wa taarabu Dar es Salaam, Tanga na Unguja ambao ukiwawekea hizo sekunde tano polepole, kwa mwendo wake wa asili, watakuambia ni mkono wa nani.