Je, wajua kwa nini mbegu ya farasi ilisumbua maabara kwa miaka 30?

Mwaka 1990, nchini Ufaransa, Eric Palmer na wenzake walipata mtoto wa farasi ambaye maisha yake yalianzia kwenye kisahani cha maabara. Yai la jike na mbegu za dume viliwekwa pamoja, vikaachiwa vimalizane. Mtoto wa pili akafuata, kisha kimya. Binadamu tayari walikuwa na Louise Brown, mtoto wao wa kwanza wa njia hiyo, tangu 1978, ng'ombe walikuwa na ndama wao tangu 1981, lakini kwa farasi njia hiyo haikurudiwa kwa uhakika hadi mwaka 2022. Kilikwama wapi?

Nilipoulizwa swali hili mara ya kwanza nilijibu bila kusita: kiinitete cha farasi, yaani mimba changa kabisa, ni dhaifu, hakivumilii kisahani.

Nilikuwa na sababu, tena nilizipenda. Kiinitete cha farasi kina mambo yake. Siku 5 au 6 za mwanzo hukaa ndani ya mrija wa uzazi, kisha hutoa kemikali iitwayo prostaglandini E2, ambayo hulegeza mrija ili kipite kwenda kwenye mji wa mimba. Ni kama kubisha hodi. Yai ambalo halikutungishwa halina hodi ya kubisha, basi hubaki mrijani, wakati mwingine kwa miezi, huku kiinitete cha msimu huu kikilipita. Kufikia siku ya 7 kiinitete hujivika gamba jembamba, kisha huzurura huku na huko ndani ya mji wa mimba hadi karibu siku ya 16 ndipo kinatulia. Kiumbe chenye masharti yote haya, niliwaza, kitaishije kwenye plastiki?

Kumbe kinaishi. Mwaka 1996, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, walipata mtoto wa farasi kwa njia ya sindano: mbegu moja inachukuliwa kwa sindano nyembamba kuliko unywele na kuingizwa moja kwa moja ndani ya yai. Tangu hapo maabara za Marekani na Ulaya zimeizoea njia hiyo. Yai likishapata mbegu kwa sindano, kiinitete hugawanyika na kukua kwenye kabati lenye joto na oksijeni kidogo, na baada ya siku 7 hadi 9 hivi hufikia hatua ya blastosisti, yaani kifuko chenye maji, tayari kupandikizwa kwa jike mwingine. Tena kinapenda sukari: kiwango cha glukosi ambacho huwadhuru viinitete wachanga wa wanyama wengine, cha farasi kinakipokea vizuri. Wa kulaumiwa hakuwa kiinitete.

Nijitetee kidogo. Miaka ya mwanzo kisahani kilikuwa kibaya kweli, kiasi kwamba kikundi cha Cesare Galli kule Cremona, Italia, kilikuwa kikihifadhi viinitete vya farasi ndani ya mirija ya uzazi ya kondoo, kisha kuvitoa na kuwapandikizia farasi. Kondoo kama kabati la maabara! Lakini hilo lilikuwa tatizo la malezi. Tatizo la farasi lilikuwa mlangoni: mbegu ilikuwa haiingii ndani ya yai.

Wengine walilishuku ganda la yai, kwamba ni gumu mno. Wengine waliilaumu mbegu kwa uvivu. Mwaka 2009 ikaripotiwa kwamba prokaini, dawa ya ganzi, huichangamsha mbegu ya farasi na mayai yanaanza kugawanyika. Furaha hiyo ilipoa mwaka 2015, watafiti wa Ghent, Ubelgiji, walipoonyesha kwamba prokaini huweza kuligawanya yai hata pasipo mbegu. Yai lilikuwa linaigiza mimba.

Jibu lenyewe anaweza kulielewa yeyote aliyewahi kuvundika ndizi. Mkungu unakatwa ukiwa umekomaa. Haukui tena, lakini haufai kuliwa, kwa sababu kukomaa si kuiva. Unafunikwa kwa majani, mahali penye joto, unasubiri. Mbegu ya dume nayo hutoka ikiwa imekomaa: ina mkia, inaogelea, ina kila kitu isipokuwa uwezo wa kuingia. Uwezo huo huja baada ya utando wa kichwa chake kubadilika, kazi ambayo kwa kawaida hufanyika ndani ya mwili wa jike. Mbegu za fahali au za mwanamume huivia maabara kwa saa chache. Wataalamu wakawapa farasi saa hizohizo chache. Ni sawa na kufunua shimo kesho yake asubuhi, kukuta ndizi mbichi, kisha kutangaza kwamba aina hii haiivi.

Kwa nini hawakusubiri zaidi? Kwa sababu kwenye maji ya kawaida ya maabara mbegu zilikuwa zinakufa kabla. Shimo lilikuwa linaozesha. Mwaka 2022, kikundi cha Katrin Hinrichs katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania kiliweka kwenye maji hayo mchanganyiko wa penisilamini, haipotaurini na epinefrini, ambao husaidia mbegu ziendelee kuogelea, kisha kikafanya jambo lisilo na maajabu yoyote: kikasubiri saa 22. Baada ya hapo mbegu zilikaa na mayai kwa saa 3 tu. Mayai yapatayo 90 kwa kila 100 yalitungishwa, na takribani robo tatu yakafika hatua ya blastosisti. Viinitete 3 vilipandikizwa, wakazaliwa watoto 3 wenye afya.

Watatu ni wachache, na mfano wangu wa ndizi una mwisho wake: ndizi unaibonyeza ukajua imeiva, lakini kwa mbegu ya farasi kipimo cha kuaminika bado ni yai lenyewe.

Sindano nayo haijastaafu, na sababu mojawapo iko Laikipia, Kenya. Kifaru na farasi ni ndugu wa mbali, wote wa kundi la wanyama wenye vidole witiri. Ndiyo maana mayai ya vifaru weupe wa kaskazini wa Ol Pejeta, yaliyoanza kuvunwa Agosti 2019, yalisafirishwa hadi Cremona, kwa mikono iliyojifunzia kazi kwa farasi. Kwa vifaru hao, mbegu zilizopo ni za madume waliokwisha kufa, zimegandishwa, na nyingine ni dhaifu. Kuvundika kunahitaji mkungu mzima. Sindano inahitaji mbegu moja tu.