Nia mbili: kwenda Kanada kutembea wakati faili la ndoa bado linasubiri

Hili swali hapa Dodoma linakuja sana siku hizi. Mmeoana, cheti mnacho, mume yuko Kanada na ameshatuma maombi ya kukudhamini upate ukaazi wa kudumu, miezi inakatika majibu hamna, na wewe unataka tu uende ukamwone wiki kadhaa urudi. Mtaani watakwambia ukishafunguliwa faili usithubutu kuomba viza ya kutembea, watakunyima na faili lenyewe litakufa. Sio kweli, ingawa wanaosema hivo hawajatunga toka hewani.

Sheria ya uhamiaji ya Kanada ya mwaka 2001, kifungu cha 22, inasema mtu kutaka kuhamia huko hakumzuii kuingia kama mgeni, ilimradi afisa aridhike kwamba muda aliopewa ukiisha ataondoka. Ndo nia mbili hiyo. Yaani ndiyo nataka kuja kuishi na mume wangu, ila kwa sasa nimekuja kutembea, na faili likichelewa au likikataliwa narudi kwetu.

Kazi iko kwenye kumridhisha huyo afisa. Anaangalia nini kinakurudisha nyumbani. Mtumishi wa pale Mtumba mwenye barua ya likizo yenye tarehe ya kuripoti kazini ana pa kushika, mwenye shamba la zabibu Hombolo naye aje na karatasi za shamba na za mauzo, lakini uliyeacha kazi ukauza na makochi hapo hata uongee vizuri vipi unajipa kazi ngumu. Alafu viza sio ruhusa ya kuingia, ni ruhusa ya kufika mlangoni, wa eapoti ndo anaamua, na anaweza kufungua begi. Umesema unakaa wiki tatu, ndani kuna vyeti orijino toka fomu foo, albamu ya harusi, mashuka na sufuria, sasa hapo nani atakuamini? Akikuuliza umekuja kufanya nini, jibu liwe fupi na la kweli: nimekuja kumtembelea mume wangu, maombi ya ukaazi yapo yanaendelea, narudi tarehe fulani, tiketi hii hapa.

Kinachoua watu ni kuficha. Mtu anaambiwa na ajenti aseme anaenda kwa shangazi, wakati faili la mume limo kwenye mfumo wao wao. Ukibainika umedanganya, kifungu cha 40 kinakufungia miaka 5, na ndani ya hiyo miaka hata ukaazi huombi. Bora unyimwe viza kwa haki, hiyo unaomba tena.

Kingine angalieni faili limefunguliwa la aina gani. Kuna la mwenza aliye nje ya Kanada, hilo ukiingia na kutoka Kanada haliharibiki, na likikataliwa mdhamini ana haki ya kukata rufaa. La mwenza anayeishi ndani ya Kanada linataka muwe mnaishi pamoja huko, ukitoka kuja msibani Kondoa ukazuiwa kurudi, maombi yanakuwa hatarini, na rufaa ya namna ile hamna.

Ya Marekani msiyachanganye na haya. Kule kila anayeomba viza ya kutembea anahesabiwa ni mhamiaji mpaka athibitishe vinginevyo, nia mbili wamewapa watu wa viza za kazi kama H-1B na L-1, kwa hiyo mwenza mwenye faili anaruhusiwa kuomba ila ni mlima.

Ukishaingia Kanada, kawaida mgeni anapewa miezi 6 labda afisa akuandikie tofauti. Usifanye kazi bila kibali, hata kusuka watu nywele kwa hela. Ukiona muda unaisha unaomba kuongezewa, wenyewe wanashauri angalau siku 30 kabla, na ukiwahi kuomba kabla tarehe haijapita unabaki kihalali mpaka wakujibu.