Mgonjwa Anauitaje Ugonjwa Wake?

Nilipoanza kazi ya tiba ya saikolojia, nilifundishwa kwamba mtaalamu akishajifunza mila za jamii fulani anaweza kuihudumia ipasavyo. Ujasiri niliopewa na mafunzo hayo ndio ulionifanya nimkosee mama mmoja aliyelalamika kuwa kifua kinamwaka moto na usingizi umemkimbia. Kwa kuwa nilikuwa nimesoma kwamba watu wa jamii yake hueleza huzuni kupitia mwili, niliandika sonona katika faili lake kabla hajamaliza maelezo. Wiki tatu baadaye ndipo nilipomuuliza yeye mwenyewe anauitaje ugonjwa wake, naye akanijibu kwamba hauiti ugonjwa: alikuwa hajamzika kaka yake aliyefia mbali, na msiba huo ulikuwa haujaisha.

Mwaka 1998, madaktari wawili wa Marekani, Melanie Tervalon na Jann Murray-García, walieleza katika makala yao tofauti kati ya umahiri wa kitamaduni na unyenyekevu wa kitamaduni. Umahiri hudhani kwamba kujifunza utamaduni wa mwingine kuna kikomo, ilhali unyenyekevu humtaka mtaalamu ajichunguze maisha yake yote na arekebishe tofauti ya mamlaka iliyopo kati yake na mgonjwa.

Suala hili la mamlaka ndilo tunalolipuuza zaidi. Mimi ndiye ninayepanga muda, ninayeutaja ugonjwa na ninayeandika faili ambalo wataalamu wengine watalisoma kana kwamba ndilo ukweli wote, wakati mgonjwa anaweza kuitikia kila nisemalo kwa sababu tu ya heshima, kisha asirudi tena. Nasikitika kwamba mara nyingi mtu huyo huandikwa kuwa ameacha tiba, na hakuna anayeuliza kama ni tiba iliyomwacha yeye.

Toleo la tano la mwongozo wa Marekani wa utambuzi wa magonjwa ya akili, DSM-5 la mwaka 2013, lina usaili wa maswali 16 kuhusu jinsi mgonjwa anavyolielewa tatizo lake, chanzo chake na msaada anaoutarajia. Nayatumia, ingawa yakisomwa kama fomu hayafai kitu. Palipo na tofauti ya lugha, naomba mkalimani aliyefunzwa, kamwe si mtoto wa mgonjwa, kwa maana kuna mambo ambayo mzazi hawezi kuyatamka mbele ya mwanawe.

Sasa, kabla ya kuandika utambuzi wowote, humsomea mgonjwa maelezo niliyoyanukuu na kumwomba asahihishe. Mama yule alifuta neno moja tu, sonona, na tukaanza upya kwa kuzungumza juu ya kaka yake.