Mtoto wa Mwanza achezee wapi? Tunayoyaamini kuhusu viwanja, na yalivyo

Saa kumi na moja jioni mtaani kwetu Nyakato, uwanja ni mmoja na ni wa vumbi. Wavulana wako kwenye ndondo, mechi za mpira za mtaani. Wasichana wangu wa netiboli wamekaa kwenye jiwe pembeni, mpira wameupakata, wanangoja. Jua la Mwanza huzama karibu saa moja, na mechi ikiisha giza limeshaingia. Nimewafundisha kwa miaka kadhaa, na kila nilipouliza habari ya uwanja kwenye mkutano wa mtaa nimejibiwa na watu wema wanaoamini kabisa wanachosema. Nimeona niyaandike majibu hayo pamoja na ukweli ninaoujua.

“Mbona viwanja vikubwa tunavyo?”

Wanaosema hivi humaanisha Kirumba na Nyamagana. CCM Kirumba ni mali ya Chama Cha Mapinduzi, kwa hiyo halmashauri haiwezi kuupangia ratiba ya watoto wa mitaa yetu. Nyamagana ni wa Jiji na una nyasi bandia, lakini nao ni uwanja wa mashindano: watu 22 wanacheza, maelfu wanatazama. Anayepanga michezo ya mji huanza na swali jingine kabisa: mtoto wa miaka minane anaweza kwenda wapi kwa miguu, bila kuvuka barabara ya Musoma, akacheza na kurudi nyumbani kabla ya giza? Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wachangamshe mwili kwa wastani wa angalau dakika 60 kwa siku. Jambo la kila siku haliwezi kutegemea uwanja wa kufikia kwa daladala.

Tena ujue unayemuomba. Mji huu una halmashauri mbili: Jiji la Mwanza, upande wa Nyamagana, na Manispaa ya Ilemela. Viwanja vya Furahisha viko Ilemela, na sisi wa Nyakato pia. Ukipeleka ombi upande usio wako, halitasogea hata liwe zuri namna gani.

“Saanane si ipo?”

Ipo, na ni fahari yetu. Lakini kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa tangu 2013, ina kilomita za mraba 2.18 tu, unaifikia kwa boti na unalipa kiingilio. Ni mahali pa kwenda na wageni, au siku ya sikukuu. Haihesabiki kama uwanja wa mtaa.

“Eneo la wazi ni ardhi iliyokosa kazi”

Hii ndiyo imani inayotuumiza kuliko zote. Eneo la wazi likichorwa kwenye mchoro wa mipango miji, linakuwa limeshapewa kazi, sawasawa na eneo la shule au la zahanati. Kulibadilisha kuwa fremu za maduka ni kubadilisha matumizi ya ardhi, na jambo hilo lina taratibu zake kisheria. Halitoshi kusemwa kwamba “pale hapana mtu”. Majirani zetu Nairobi walionyesha mfano. Mwaka 1989 lilipopangwa jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, mwanamazingira Wangari Maathai alilipinga waziwazi, akatukanwa kwa ajili hiyo, na mwishowe jengo halikujengwa.

Kwenye milima yetu, Mabatini, Igogo, Isamilo, tatizo linaanza mapema zaidi, kwa sababu nyumba zilitangulia mchoro. Urasimishaji, yaani kupima na kutambua rasmi makazi hayo, unapofika, kila mwenye kiwanja anaombwa amege kidogo ili barabara ipite. Barabara watu wanaielewa, maana gari la wagonjwa lipite na maji ya bomba yafike. Akisimama mtu kusema tuache na pa kuchezea watoto, kikao kinanyamaza. Nani atoe chake? Simlaumu anayekataa, kwa kuwa kile kipande kidogo ndicho urithi wa wanawe. Ila wapimaji wakishaondoka na vigingi vikishasimama, nafasi hiyo hairudi. Pa kuanzia ni pale pasipojengeka: kati ya miamba, kando ya korongo salama, uwanja wa shule ukiwa na makubaliano ya kufunguliwa jioni. Watoto wetu tayari wanateleza kwenye mawe yale. Kinachotakiwa ni kuyaonyesha kwenye mchoro na kuondoa vipande vya chupa.

“Ziwa tunalo, wacha waogelee”

Hapa nasema kama mzazi. Ziwa Victoria lina kichocho, hasa kile cha tumbo, na wengi wanaamini kinapatikana kwa kunywa maji machafu. Sivyo. Vimelea hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi yako ukiwa umesimama tu majini, hata maji yakiwa maangavu. Dawa ya prazikwanteli inatibu, lakini haimkingi mtoto akirudi majini kesho. Na mayai ya kichocho cha tumbo huingia ziwani kupitia kinyesi cha binadamu. Ndiyo maana, nikiulizwa ufukwe wa umma uanze na kitu gani, nasema choo, kabla ya bembea na kabla ya viti. Kujifunza kuogelea ni lazima kwa watoto wa mwambao, ila mahali pake ni bwawa lenye maji yaliyotiwa dawa na mtu wa kuwaangalia.

Wengine husema sheria ya mita 60 imeshatupa ufukwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, ili kulilinda ziwa. Haikutengenezei njia ya kufika majini. Njia hiyo inabidi ichorwe na ilindwe, la sivyo utaliona ziwa kupitia nondo za geti la mtu.

“Michezo ni mpira wa miguu”

Rede, ile ya kukwepa mpira, ni mchezo. Bao la wazee chini ya mti ni mapumziko. Bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, inahitaji uwanja wa kuchezea, na wanajogingi wa Jumamosi alfajiri wanahitaji barabara salama. Uwanja mmoja unaweza kuwabeba wote kama kuna ratiba na mtu wa kuisimamia. Kabla ya kuomba kujengewa, kaeni pale wiki nzima mkahesabu nani yupo na saa ngapi. Sisi tulihesabu. Siku tano mfululizo, kati ya saa kumi na saa moja jioni, hakuna msichana hata mmoja aliyegusa uwanja.

Mwaka wa fedha wa halmashauri unaanza Julai 1, na maombi ya mitaa hukusanywa miezi mingi kabla. Letu tumeshaliandika kwa mtendaji. Tunaomba Jumanne na Alhamisi ziwe siku za netiboli, nguzo mbili zenye pete, na taa moja upande wa kwenye jiwe.