Hela haikai kwenye simu

Simu ikiibiwa, wengi hulilia kwanza hela "iliyokuwa ndani". Ndani ya simu hamna hela. Salio lako liko kwenye mtambo wa kampuni ya simu, na fedha yenyewe imewekwa benki kwenye akaunti ya amana, yaani inayotunzwa kwa niaba ya wateja. Ndivyo zinavyotaka Kanuni za Fedha za Kielektroniki za Tanzania za mwaka 2015. Azima simu yenye laini ya mtandao wako, piga 100 huduma kwa wateja, laini ifungwe. Ukirudisha laini kwa namba ileile utalikuta salio lako, ilimradi mwizi hakuwahi kuijua namba yako ya siri.

Wengine huamini kwamba ujumbe usipoingia, muamala haujapita, basi wanatuma tena. Ujumbe unaweza kuchelewa huku hela imeshafika. Angalia salio kwanza, jamani! Na ukikosea namba usimgande wakala, hana kitufe cha kurudisha. Wenye uwezo huo ni kampuni, nao wanahitaji kuwahi kabla aliyepokea hajatoa.

Dhana inayoniuma zaidi ni hii: wazee hutaja namba zao za siri kwa sababu hawaelewi. Juzi kwenye kibanda cha wakala mtaani kwetu alikuwepo mama mwenye kitochi, vitufe vimefutika. Anabonyeza nyota, mia na hamsini, anaisogeza simu mbali na macho asome, akifika kwenye namba ya wakala, menyu inajifunga. Anaanza upya. Mara ya tatu alimkabidhi wakala simu, akataja namba ya siri kwa sauti, na nyuma yake tumepanga foleni watu watano.

Anajua fika kwamba ni siri. Ila menyu ya nyota na reli ina dakika zake za kuhesabu, na anayezipanga ni mtandao, wala si simu yake. Asiyeona, anayetegemea simu imsomee kwa sauti, hukwama palepale.

Kwa hiyo ukiwa na mzazi wa aina hii, mwandikie namba ya wakala wake kwa maandishi makubwa kwenye karatasi, aishike mkononi kabla ya kubonyeza chochote. Na kampuni ziongeze muda wa menyu. Huyu mama ameshasikia mara nyingi kwamba asimpe mtu namba yake ya siri. Alichokosa ni nafasi ya kuiandika mwenyewe.