Mfupi kuliko Nairobi: dhana potofu kuhusu kulala porini Uingereza

Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, una mita 1,345. Nairobi iko juu zaidi ya hapo. Anayechoma mahindi kando ya barabara ya Ngong anafanya biashara yake juu kuliko kilele ambacho Waskoti hukipanda na dira mkononi. Ndiyo maana kila nikiwasimulia ndugu zangu wa Moshi kwamba nimelala hemani huku nikitetemeka hadi alfajiri, wananicheka: wewe uliyekulia chini ya Kibo, unatishwa na kichuguu?

Wacheke tu. Hata mimi nilikuja na mawazo hayo hayo, na mengine zaidi. Haya ndiyo ninayoyasikia mara nyingi kutoka kwa wenzetu wanaotaka kujaribu kulala porini huku, hasa wale wanaoanza kwa kuuliza ni wapi pagumu kuliko kote.

Dhana: Milima yao ni vichuguu

Kule juu ya Ben Nevis palikuwa na kituo cha hali ya hewa ambamo watu waliishi mwaka mzima, kuanzia 1883 hadi 1904, wakiandika vipimo saa baada ya saa. Wastani wa joto walioupata ulikuwa chini kidogo ya nyuzi sifuri za Selsiasi. Huo ni wastani wa mwaka, Julai na Agosti zikiwemo. Uskoti iko mbali sana kaskazini, na upepo unaotoka Atlantiki hukutana na milima hiyo kabla haujapunguzwa kasi na kitu chochote. Tarehe 20 Machi 1986, mtambo ulio kilele cha Cairn Gorm, mita 1,245, ulipima upepo wa kasi ya maili 173 kwa saa, yaani kama kilomita 278. Sijui fundi wa hema atakayekuuzia kitu cha kuhimili upepo huo, na akikuambia anacho, mkimbie.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa Kilimanjaro tunalisahau kwa sababu tumelizoea: kule wapo wagumu, yaani wapagazi. Mgeni hupanda na chupa ya maji na kamera. Hema, chakula, jiko na godoro viko kichwani kwa mtu mwingine aliyemtangulia kambini. Huku kila kitu ni mgongo wako, na ukifika umechoka, hema halijasimama na uji haujapikwa.

Ukiniuliza mimi, mahali pagumu kuliko kote ni uwanda wa juu wa Cairngorm, kati ya Cairn Gorm na Ben Macdui. Ukipatazama siku ya jua utaona kama uwanja wa mpira uliojaa changarawe. Ugumu wake uko hapo hapo: ni tambarare, hakuna jiwe la kujikinga, na kingo zake zinakatika ghafla kuwa magenge. Ukungu ukishuka wakati theluji iko chini, ardhi na anga vinakuwa kitu kimoja cheupe, hujui kama unapanda au unashuka, na hatua inayofuata unaipiga kwa imani.

Novemba 1971 kundi la wanafunzi kutoka Edinburgh lilinaswa huko na dhoruba. Walikuwa wakielekea kwenye kibanda kidogo cha hifadhi kilichokuwa juu ya uwanda, hawakukiona, wakalazimika kulala nje kwenye theluji. Walikufa sita: vijana watano wa miaka 15 na 16, na msaidizi wa kiongozi aliyekuwa na miaka 18. Baada ya mjadala mrefu kibanda kile kiliondolewa mwaka 1975. Wengi hushangaa kusikia hivyo, maana akili ya kawaida ingesema viongezwe. Hoja ilikuwa kwamba kibanda kinachofukiwa na theluji, na ambacho huwezi kukiona kwenye ukungu, kinamvuta mtu aende mahali ambapo angegeuka mapema kama kisingekuwepo.

Dhana: Baridi inayoua ni ya theluji

Theluji kavu unaikung'uta, inaanguka. Cha kuogopa ni mvua ya nyuzi tatu au nne pamoja na upepo, hali ambayo Uskoti na milima ya Wales huwa nayo hata Juni. Maji yanaingia kwenye nguo, upepo unayakausha mwilini mwako, na joto lako ndilo linalolipa gharama. Kwa hiyo jinzi na fulana ya pamba viache nyumbani. Pamba ikishalowa inakuwa kama kitambaa cha homa ulichomfunika mtu mzima.

Mwenzako akianza kupotewa na joto la mwili, kwanza anakuwa mkimya. Anajikwaa. Anashindwa kufunga zipu, na ukimuuliza anajibu kwa ulimi mzito kama mtu aliyelewa, tena kwa hasira. Hapo bado anatetemeka, na kutetemeka ni nafuu. Akiacha kutetemeka huku bado analowa, usifurahi. Wapo wanaofika mahali pa kuvua nguo kwa kuhisi joto kali, na waokoaji huwakuta hivyo.

Ukitaka takwimu za mvua, chukua wilaya ya maziwa, Lake District, upande wa kaskazini-magharibi mwa England. Tarehe 5 Desemba 2015 kivuko cha mlimani cha Honister kilipata milimita 341 ndani ya saa 24. Kuna sehemu za nyanda kavu za Tanzania ambazo zingeishukuru mvua hiyo kwa nusu mwaka.

Dhana: Nchi ni ndogo, barabara haiwezi kuwa mbali

Rasi ya Knoydart iko kwenye bara lile lile la Britania, lakini kijiji chake cha Inverie hakina barabara inayokiunganisha na sehemu nyingine za nchi. Unakwenda kwa boti kutoka Mallaig au unatembea kama kilomita 25 kutoka Kinloch Hourn. Rannoch nako ni nyika ya vinamasi iliyolowa kiasi kwamba waliojenga reli, iliyofunguliwa mwaka 1894, walilazimika kuielekeza juu ya matita ya vichaka, udongo na majivu. Hadi leo treni inapita hapo juu ya kitu kinachoelea.

Lakini paliponitia adabu mimi ni Fisherfield, kaskazini-magharibi mwa Uskoti. Unaacha gari barabarani, unatembea zaidi ya saa mbili hadi Shenavall, kibanda cha mawe kisicho na umeme wala mlinzi, cha aina wanayoiita bothy. Chama cha kujitolea kilichoanzishwa mwaka 1965 kinatunza vibanda kama mia moja vya namna hii, bure kwa yeyote. Mbele ya Shenavall kuna mito miwili, na milima yenyewe iko ng'ambo yake, ukiwemo A' Mhaighdean, ambao wapanda milima wanautaja kama kilele kikubwa kilicho mbali na barabara kuliko vyote.

Tulikuwa watatu, mwishoni mwa Mei. Tulivuka mito jioni, maji yakiishia kwenye vifundo vya miguu, tukapiga hema ng'ambo na kuchekana kwa kuwa tulibeba fimbo za kuvukia. Kabla ya kulala niliweka jiwe jeupe ukingoni, pale pale maji yalipoishia. Usiku ikanyesha, si ya kutisha, ile ya kuendelea tu. Asubuhi nilikwenda kulitafuta jiwe langu. Lilikuwa ndani ya mto, mbali na ukingo, na maji ya rangi ya chai ya rangi yalipita juu yake yakivuma. Tulikaa siku nzima tukigawana chapati tano zilizobaki, tukiuangalia moshi wa kibanda upande wa pili, mwendo wa dakika chache ambao hatukuweza kuutembea. Kule kinachofunga njia ni maji, na mto wa mlimani hujaa kwa saa chache na kushuka kwa saa chache pia. Anayesubiri huvuka. Anayewahi kazini Jumatatu ndiye anayesombwa.

Dhana: Mahali pa mvua nyingi hapakosi maji ya kunywa

Nenda kwenye ukingo wa Cuillin, kisiwani Skye. Ni mgongo wa mwamba mtupu wenye urefu wa kilomita 12 hivi, na wengi huumaliza kwa kulala juu usiku mmoja bila hema, kwenye ubao wa jiwe uliotosha mtu mmoja. Mvua inanyesha tele na yote inateremka mabondeni. Juu unaweza kuzunguka mchana kutwa ukitafuta tone. Tena mwamba wake una madini ya sumaku, dira inayumba na kukuelekeza kwingine. Aliyezoea kuiamini dira kuliko macho yake hapo ana kazi.

Dhana: Uingereza unaruhusiwa kulala popote (na kinyume chake, kwamba ni marufuku kabisa)

Hapa lugha yetu yenyewe inatuponza. Tunasema Uingereza tukimaanisha nchi nzima, na tunasema Uingereza hiyo hiyo tukimaanisha England peke yake. Sheria haichanganyi hivyo.

Uskoti ilipitisha sheria ya ardhi mwaka 2003, na tangu 2005 mtu ana haki ya kulala kwa hema kwenye ardhi nyingi isiyolimwa, mradi kundi ni dogo, anakaa usiku mmoja hadi mitatu mahali pamoja, na anaondoka bila kuacha alama. Haki hiyo haina maana ya kulala nyuma ya nyumba ya mtu. Ufukweni mwa Loch Lomond na maeneo ya jirani, tangu 2017, kuanzia Machi hadi Septemba kuna sehemu zinazodai kibali, kwa sababu watu waliacha takataka na kukata miti.

England na Wales haki hiyo haipo. Unahitaji ruhusa ya mwenye ardhi, ingawa juu milimani wengi hupiga hema jioni, huondoka alfajiri, na hufumbiwa macho. Pekee palipobaki ni Dartmoor, kusini-magharibi. Januari 2023 Mahakama Kuu ilisema hata huko haki haipo. Julai mwaka huo huo Mahakama ya Rufaa ikairudisha, na Mei 2025 Mahakama ya Juu ikakata shauri: sheria ya 1985 iliporuhusu starehe ya hewa wazi, kulala kumo. Majaji wa ngazi tatu walikaa kujadili kama kusinzia ni starehe. Bibi yangu angewajibu bure.

Ila usikimbilie Dartmoor ukidhani ni bustani. Sehemu ya kaskazini ni uwanja wa mazoezi ya jeshi: ukiona bendera nyekundu mchana au taa nyekundu usiku, risasi ni za kweli. Na moto usiwashe. Udongo wa huko ni mboji nyeusi iliyorundikana kwa maelfu ya miaka. Ukikauka unawaka chini kwa chini, na unaweza kufuka kwa wiki kadhaa baada ya wewe kusahau. Tumia jiko dogo la gesi.

Dhana: Hakuna simba, basi lala salama

Simba hakuna, chui hakuna, mbwa mwitu walimalizwa karne nyingi zilizopita, na nyoka mwenye sumu ni wa aina moja tu, mpole. Anayetawala ni usubi. Kuanzia Mei hadi Septemba, jioni tulivu yenye unyevu, usubi wa Uskoti hutoka kwa mawingu. Wanaingia masikioni, puani, kwenye sufuria ya wali. Hawaambukizi malaria wala kitu kingine kwa binadamu, lakini nimeona mwanamume mzima akikimbia huku na huku akila tambi ili wasimtue. Upepo mwepesi tu unawazuia kuruka. Na hapo ndipo mtego ulipo: palipo na kinga ya upepo wanakula wewe, palipo na upepo unavunjika mti wa hema. Kupe wanahitaji uangalifu zaidi, maana wao wanaambukiza ugonjwa wa Lyme. Jikague kila jioni, nyuma ya magoti na kinenani.

Dhana: Usiku ni usiku

Saa zetu zimejengwa juu ya jua linalochomoza saa kumi na mbili. Fort William, mji ulio chini ya Ben Nevis, mwezi Desemba linachomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama saa tisa na nusu alasiri. Unakaa hemani zaidi ya saa kumi na saba gizani, na betri ya tochi haipendi baridi. Juni ni kinyume: jua linazama saa nne usiku, na giza kamili halifiki.

Dhana: Nikikwama nitapiga simu, na watanilipisha

Uokoaji wa milimani haulipiwi, na wanaokuja ni watu wa kujitolea wenye kazi zao nyingine. Tatizo ni mtandao, ambao mabonde mengi niliyoyataja hayana. Beba filimbi: milio sita ndani ya dakika, pumzika dakika moja, rudia. Kabla ya kuondoka nyumbani tuma neno register kwa ujumbe mfupi kwenda 999, namba ya dharura, na ufuate maelekezo, kwa kuwa ujumbe hupenya pale ambapo sauti haipiti. Na ukifanikiwa kuongea, omba polisi kwanza, kisha uokoaji wa milimani. Ukisema una mgonjwa tu, unaweza kuunganishwa na gari la wagonjwa, ambalo Fisherfield litaishia barabarani ulikoacha gari lako.